Jovitha na Karatasi ya Wakwe

Watu wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou, walimjua Jovitha kwa sababu ya karatasi. Mtu akipata barua ya mwenye nyumba, au hati ya wakala wa meli kule bandari ya Huangpu, au cheti cha daktari, na asione humo ila Kichina kitupu, alipanda lifti mpaka ghorofa ya tisa akamgongea mlango. Jovitha aliisoma kwanza yote kimya, halafu akairudia kwa Kiswahili mstari kwa mstari, bila kuongeza la kumfurahisha mtu wala kupunguza la kumtisha. Hakutoza kitu. Wako waliomsema kuwa ana roho ngumu, maana karatasi ikisema kontena limezuiliwa, yeye alisema limezuiliwa, hata kama mwenye kontena alikuwa amesimama pale mlangoni. Lakini siku nyingine walirudi kwake.

Alikuja Guangzhou mwaka 2001 kwa ufadhili wa masomo, kusomea uhandisi wa nguo. Mwaka wa kwanza wote alisoma lugha. Alipomaliza shahada, kampuni moja ya vitambaa jirani na Kangle, mtaa wa karakana za nguo, ikamwajiri ahudumie wanunuzi wa kutoka Afrika, kwa hiyo alikuwa na kibali cha kazi. Sisi wengine tulikuwa watu wa viza za muda mfupi, kila zikikaribia kuisha usingizi unapaa. Mimi nilikuwa nikipika. Wafanyabiashara walikuja chumbani kwangu, ghorofa ya saba ya jengo hilohilo, kula wali na samaki wa nazi, maana mtu akimaliza wiki ya tambi hutamani hata ukoko. Mimi ni Hafidha, mtu wa Tanga, wa msikitini. Yeye Mhaya wa Muleba, Mkatoliki, kila Jumapili hakosi misa ya mchana kwenye lile kanisa la mawe. Tulikuwa ndugu kwa sababu ya lifti moja na chumvi ya kuazimana.

Mumewe aliitwa Revocatus, nasi tulimwita Revo. Walifunga ndoa mwaka 2003 Jovitha alipokwenda likizo, na mwaka uliofuata Revo akamfuata huku, akikaa kwa kibali cha mke. Alinunua simu na vipuri akapeleka Mwanza. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye sauti nzuri ya kuimba, mwepesi wa kumbebea mwenzake mzigo. Kichina hakukijua. Alipatana bei kwa kubonyeza kikokotoo na kucheka.

Hawakupata mtoto. Jovitha hakuwa mtu wa kulizungumza hilo, lakini mwaka 2005 walipokwenda kusalimia nyumbani kuna jambo lilitokea ambalo alinisimulia mara moja tu. Mama mkwe wake, Ma Feliciana, alikuwa amewaandalia wageni ndizi, na Jovitha akapewa sahani ya mwisho. Ma Feliciana akasema mbele ya wote kwamba nyumba isiyo na kilio cha mtoto si nyumba, ni kambi. Revo alikuwepo, akatazama chini. Aliyeinuka ni baba mkwe, Mzee Anatory, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Siku ya kuondoka alimsindikiza Jovitha mpaka barabarani akiwa amembebea kopo la senene wa kukaanga, akamwambia, "Usiyabebe yale maneno mpaka China, binti yangu. Kilo zitazidi." Jovitha alipofika kwenye maneno hayo alicheka, kisha akageukia dirishani.

Januari ya 2008 habari zikaja kwamba Mzee Anatory hawezi kumeza. Hospitali ya Mwanza ikasema ni saratani ya koo. Wakati huo watu wa Afrika Mashariki walikuwa wameanza kuja kutibiwa Guangzhou, na Revo akaona hilo ndilo la kufanya. Mwezi Machi alirudi nyumbani na fomu aliyopewa na wakala mmoja wa viza, akaiweka mezani mbele ya mkewe. Ilikuwa fomu ya mwaliko na dhamana. Yeye kama mtoto ndiye mwalikaji, lakini kwa kuwa alikaa nchini kwa kibali cha mke, mke alitakiwa kutia saini na alama ya kidole kama mdhamini mwenza. Majina ya wageni yalikuwa mawili kwenye karatasi moja: Mzee Anatory na Ma Feliciana.

Jovitha akaisoma, kisha akamsomea mumewe. Wadhamini watawatunza wageni na kuwatibu. Watajibu kwa makosa yao yote. Watahakikisha wanaondoka nchini siku ya mwisho ya viza. Na la nne: dhamana haifutiki mpaka wageni wawe wameondoka, hata kama uhusiano kati ya wadhamini utabadilika.

Revo akasema, "Hilo la nne ni la watu wanaoachana. Halituhusu."

Jovitha aliweka kidole juu ya yale majina mawili. Akauliza kama mzee anaweza kuja peke yake. Revo akashangaa. Mzee asiyeweza hata kuomba maji, atakuja vipi peke yake? Nani atamwogesha, wewe uko kazini? Hapo Jovitha akajua kwamba hakuna njia ya kumtaka baba na kumkataa mama, akaichukua ile fomu akaiweka ndani ya kamusi yake kubwa. Ikakaa humo siku tisa.

Siku hizo tisa nilimwona akikonda. Hakuogopa kazi ya kumtunza mgonjwa, wala hakuogopa Ma Feliciana tu. Mwaka ule hali ilikuwa imeanza kubana. Michezo ya Olimpiki ilikuwa inakuja Beijing, polisi walikagua pasipoti hata kwenye daraja la waenda kwa miguu, na viza zilizokuwa zikitolewa kwa urahisi zilianza kukataliwa. Mgeni wako akizidisha siku moja, kibali chako ndicho kinachoandikwa alama. Na kibali chake ndicho kilichowaweka wote wawili. Hayo aliyaeleza vizuri, kama anavyosoma karatasi ya mtu. Lakini kulikuwa na lingine lililomkaba zaidi, nalo alilileta kwangu asubuhi moja nilipokuwa nikikanda unga wa chapati.

Alisema kila akitafuta sababu ya kukataa, anazipata nyingi na zote ni za haki, lakini chini yake anaiona ile sahani ya mwisho. Hajui tena kama anakataa kwa sababu ya sheria au kwa sababu ya kulipiza.

"Da Hafidha, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilimjibu bila kuinua mikono kwenye unga. "Ningetia saini. Mkwe ni mzazi. Utamwacha mzee wa watu afe kwa kukosa kidole chako?"

"Na kama natia kwa kuogopa tu kuitwa mbaya?"

Nikamwambia Mungu haulizi hayo, mgonjwa akipona yote yamekwisha. Nilisema kwa wepesi, kama mtu anayemwambia mwenzake aongeze chumvi. Wateja wangu walikuwa wanakuja saa sita na chapati hazijaiva. Leo ningeuacha ule unga ukauke, nikaketi naye.

Jumapili iliyofuata walipiga simu Muleba wakaweka sauti ya wazi. Mzee Anatory alikuwa amebakiwa na mnong'ono. Jovitha alimsalimia, akamwambia wanataka kumleta atibiwe. Mzee akasema polepole, neno moja moja, kwamba wasihangaike, yeye anataka kufia hapo kwake, kwenye kibanja chake, migomba anaiona dirishani. Revo akaichukua simu akamwambia baba apumzike, wataongea siku nyingine.

Jovitha alisema, "Umemsikia."

"Anaogopa kutugharimu," Revo alisema. "Yule ni baba yangu, namjua. Mtu akisema anataka kufa, mtoto wake anamkubalia?"

Hakuwa anasema uongo, nadhani. Alimpenda baba yake. Jovitha naye alimsikia mzee vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomla baadaye. Angeweza kusema: mgonjwa mwenyewe amekataa, mimi sitii saini. Lakini aliniambia kwamba dakika ile aliona jinsi maneno ya mzee yalivyomfaa yeye, yalivyompa njia rahisi ya kutoka, na kwa sababu hiyohiyo akaona haya kuyatumia. Aliona watu wa Muleba wakisema: yule tasa amemnyima baba mkwe hospitali. Akaitoa fomu kwenye kamusi, akaandika jina lake, akachovya kidole gumba kwenye wino mwekundu akakibonyeza juu ya jina. Revo akambusu kichwani. Siku ile walikula kwangu, na Revo aliimba.

Wakwe walifika mwezi Mei. Mzee Anatory alikuwa mwepesi kama koti lililotundikwa. Ma Feliciana alikuja na vitenge vitano, rozari, na mfuko wa kahawa ya kutafuna, na kwa wiki mbili za kwanza hakutoka nje ya mlango ila kwenda hospitali. Ghorofa tisa zilimtia kizunguzungu. Kiswahili alikijua kidogo, cha kukatakata, lugha yake ni Kihaya. Mama mkwe hakumwita Jovitha kwa jina, alimwita "mke wa Revo", hata wakiwa wawili tu chumbani. Walipishana jikoni kama wapangaji. Lakini walikuwa na zamu moja ya kumgeuza mzee na kumsafisha, na kwenye zamu hiyo mikono yao ilielewana bila maneno. Nimewaona.

Madaktari walimpiga mionzi. Mwezi wa kwanza alianza kumeza uji, na Revo akawa anatutazama sote kwa macho ya mtu aliyeshinda kesi. Mwishoni mwa Juni akasema lazima aende nyumbani wiki tatu, kuna kontena la kupokea Dar na mambo ya kuweka sawa Muleba. Akaondoka. Wiki tatu zikapita. Akapiga simu akasema kibali chake kimeisha akiwa huko na amenyimwa viza ya kurudi, kwa sababu ya Olimpiki. Tulimwamini, maana Julai ile hata mimi wateja wangu watatu walinyimwa. Akasema ataomba tena Septemba.

Septemba mzee akaacha kumeza. Saratani ilikuwa imeshuka kifuani, na bili za hospitali zilikuwa zikiongezeka.

Na kule kazini mambo yalikuwa yamebadilika. Wanunuzi wa Ulaya waliacha kuagiza, viwanda vya pande zile zote vikaanza kufungwa kimoja kimoja. Asubuhi moja ya Oktoba Jovitha alifika kazini akakuta geti limefungwa kwa mnyororo na wafanyakazi mamia wamesimama barabarani. Laoban, yaani bosi wao, alikuwa ametoroka na simu amezima. Wasichana wa kushona walikuwa wakilia, wengine wakirusha chupa za maji getini. Jovitha alisimama nao mpaka saa nane mchana, kisha akaja kwangu akaomba chai. Aliniambia kwa sauti ileile ya kusoma karatasi: kampuni imekufa, kwa hiyo kibali changu kimekufa, viza za wakwe zinaisha mwezi ujao, mgonjwa hawezi kupanda ndege, na mtu wa kwanza kwenye fomu yuko Muleba. Nikamwambia ampigie Revo. Akasema amempigia mara sita.

Mzee Anatory alifariki tarehe kumi na nne Novemba, saa tatu asubuhi, Ma Feliciana akiwa ameshika miguu yake. Jovitha alikuwa kwenye dirisha la dawa.

Mtu asiyewajua Wahaya anisikilize hapa. Kwao mtu huzikwa katika kibanja chake, katikati ya migomba yake, na makaburi ya baba zake yapo hapohapo. Mzee wa ukoo asipolala pale, ni kama nguzo iliyong'olewa. Kwa hiyo hapakuwa na swali. Mzee arudishwe. Mwikali, Mkenya wa Kitui aliyekuwa akisafirisha mizigo na kujuana na kila mtu, alipitisha daftari la mchango kwa Wakenya na Watanzania na Wakongo, na kwa siku nne tu ikapatikana ya kutosha. Fedha haikutushinda. Kilichotushinda ni saini. Wakala wa kusafirisha maiti alitaka idhini ya mwalikaji wa kwanza, mtoto wa marehemu, karatasi yenyewe iliyotiwa saini, siyo picha yake, na saini ya mjane au ya mke wa mtoto hakuikubali. Revo alisema kwenye simu, "Msiwaruhusu wamchome baba yangu," akaahidi kwamba idhini itafika Jumatatu.

Jumatatu idhini haikufika. Akasema ameituma. Alhamisi haikufika. Akasema aulizwe mwenye ofisi ya posta. Baada ya hapo simu yake ikawa inaita tu. Hospitali ikatoa siku ya mwisho, Ijumaa ya wiki ya pili: maiti iondolewe, au mdhamini aliyepo atie saini ya kuchomwa.

Siku hiyo nilikwenda hospitali na chakula. Nilimkuta Jovitha kwenye benchi la korido, karatasi iko gotini, karani amesimama na kile kikopo cha wino mwekundu. Ma Feliciana alikaa pembeni yake na rozari. Jovitha aliisoma ile karatasi yote, akairudia tena kuanzia juu. Kisha akatia saini na kidole.

Ma Feliciana akauliza, "Inasema nini?"

Jovitha akamjibu, "Ni ya kumsafirisha baba."

Mama akafanya ishara ya msalaba, akamshika Jovitha mkono na kusema ahsante kwa Kihaya. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimshukuru. Na mimi nilikuwa nimesimama pale na chombo cha wali. Nilijua karatasi ile ni ya nini, maana Jovitha alishaniambia asubuhi. Sikusema neno. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ninalopata ni kwamba uso wa yule mama ulikuwa umepumzika kwa mara ya kwanza tangu Mei, na sikuwa na ujasiri wa kuuharibu.

Jumanne Jovitha alikwenda peke yake mahali pa kuchomea, akarudi mchana na kisanduku cha mbao nyekundu, kidogo, cha kukaa mapajani. Alinipitia nimsindikize juu. Ma Feliciana alikuwa ameshapanga nguo kwenye sanduku lake la safari. Aliona kile kisanduku mezani, akadhani ni zawadi ya hospitali. Akauliza jeneza liko wapi, liko uwanja wa ndege?

Jovitha akapiga magoti sakafuni. Alimwambia yote, kwa Kihaya, kwa hiyo maneno sikuyaelewa, lakini nilijua alipofika wapi kwa kumtazama mama. Ma Feliciana hakupiga yowe. Alikisogelea kisanduku, akakigusa kwa kidole kama mtu anayepima kama chungu ni cha moto. Akavua kitenge alichojifunga juu ya nguo, akakifunika na kukifunga vizuri, mafundo mawili, akaketi nacho. Tulikaa pale mpaka jua likahama ukutani. Jovitha alibaki magotini muda wote huo, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Tangu siku ile Ma Feliciana hakula tena kilichopikwa na Jovitha. Alikula nilicholeta mimi. Viza yake ilikuwa imeshapita, na kuondoka kulihitaji faini na mihuri na foleni, na kila foleni Jovitha ndiye aliyesimama, akarudi na karatasi akamwonyesha mahali pa kuweka kidole. Mama aliuliza kila mara, "Na hii inasema nini?" Jovitha alisoma. Kisha mama aliniletea mimi karatasi hiyohiyo, mimi nisiyejua herufi moja ya Kichina, akanitazama usoni nilipokuwa nikijidai kuisoma. Wiki tatu waliishi hivyo, chumba kimoja, kitanda kimoja cha mama na godoro la sakafuni la Jovitha, na kisanduku katikati yao juu ya kiti.

Mwikali alikuwa anasafiri Desemba kupitia Addis, akakubali kufuatana na mama mpaka Nairobi na kumpandisha ndege ya Mwanza. Tulikwenda uwanja wa ndege wanne. Ma Feliciana alikibeba kisanduku mwenyewe, kimefungwa mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. Watu walitazama. Kabla ya kuingia ndani alimgeukia Jovitha, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, nadhani alitaka na mimi nisikie.

"Revo hakunyimwa viza. Hakuiomba. Ana mwanamke Kamachumu, na mtoto wa miaka mitatu. Aliogopa akitia saini ile idhini ya maiti, deni la hospitali litamfuata yeye." Akavuta pumzi. "Huyo mwanamke nilimjua tangu siku niliyofika kwako. Nilikuficha. Wewe nawe ukanificha."

Jovitha alimuuliza mtoto anaitwa nani. Sijui kwa nini aliuliza hilo kati ya yote. Mama akasema anaitwa Anatory. Halafu akaingia, Mwikali akimshika kiwiko, hakugeuka tena.

Tulirudi kwa basi. Jovitha alikaa dirishani. Karibu na mjini akasema, "Alituambia anataka kufia kwake. Nilimsikia kuliko wote." Na mimi ndiye niliyemwambia atie kidole.

Habari za mazishi tulizipata kwa Mwikali, naye alizipata kwa simu. Ukoo ulibishana siku mbili kama majivu yanaweza kuzikwa. Wengine walisema yatupwe ziwani, wengine walisema mzee huyu hajarudi, asiombolezwe mpaka arudi. Mwishowe walichonga jeneza la kimo chake, wakalaza ndani shina la mgomba, wakaweka kisanduku kichwani pake, wakafukia. Jina la Jovitha lilitajwa kwenye kikao na halikutajwa kwa wema. Revo alikuwepo, na ndiye aliyetupa mchanga wa kwanza.

Jovitha angeweza kwenda zake nyumbani wakati huo. Nilimsihi. Lakini alisema akitoka hatarudi tena, na huko anakokwenda ni kwa nani? Wazazi wake walishafariki, kaka yake alikuwa kwenye kile kikao na hakumtetea. Aliomba kibali kingine kwa kampuni nyingine, akajibiwa kwamba jina lake lina alama: mgeni aliyemdhamini alizidisha siku thelathini na moja. Aliniletea jibu hilo akanisomea, mstari kwa mstari, bila kuongeza wala kupunguza.

Akahamia Kangle, chumba kisicho na dirisha juu ya karakana ya kushona, mashine zikitikisa sakafu kutwa. Aliwakalimania wanunuzi kwenye simu, na mara mojamoja aliingia nao sokoni, uso ameufunika kwa barakoa, akizikwepa njia zenye polisi. Misa aliacha, kwa sababu mlangoni pa kanisa walikuwa wakikagua pasipoti, alisema. Nadhani kulikuwa na sababu nyingine. Wenye karatasi waliendelea kumpigia kwa muda. Lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. Mtu anauliza barua inasema nini, yeye anamwambia akatafute mwingine, asije akakosea. Baadaye hawakupiga tena.

Mimi niliondoka Guangzhou mwaka 2010. Siku ya kuaga nilimkuta sokoni Kangle akichagua maharage mabichi, marefu kama kamba, amekonda, nywele amezikata. Nilimwambia kuna kiti ndani ya ndege ileile, nimeuliza, twende Tanga kwangu, nyumba ni kubwa na hakuna anayemjua. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Da Hafidha, usiwe na wasiwasi na mimi." Akaninunulia machungwa ya njiani, akanishika mabega, akaingia uchochoroni kati ya majora ya vitambaa.

Nilimpigia kila Ijumaa. Mwanzoni alipokea. Mwezi wa nane alianza kusema maneno mawili matatu kisha anaomba radhi kwamba amechoka. Machi ya mwaka uliofuata alipokea mwanamume wa Kichina, akasema jambo refu ambalo sikulielewa, na hapakuwa tena na mtu wa kumwuliza amesema nini.